Albamu ya Kwanza ya Just a Band

Katika mpaka wa Malaba, mzigo hauvuki kwa kuwa ni mzuri, bali kwa kuwa karatasi zake zimepigwa muhuri. Sisi tukaao Amukura, kati ya Malaba na Busia, twayajua malori yanayopanga foleni, na twajua kwamba mwenye muhuri ana nguvu kuliko mwenye mzigo. Kwa miaka mingi nyimbo za Afrika ya Mashariki zilikuwa katika hali kama hiyo. Mwimbaji alikuwa na wimbo, lakini mtambo wa kunasia sauti ulikuwa wa mtu mwingine. Yatupasa kuitazama kwanza hali hiyo, ndipo tutakapofahamu kwa nini albamu moja iliyotolewa Kenya mwaka 2008 yastahili kuwekwa katika historia.

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyezaliwa katika kijiji cha Fumba, alisafiri pamoja na wapigaji wake hadi Bombay, Bara Hindi, ili sauti yake itiwe katika santuri za kampuni ya HMV. Santuri zile zilimletea sifa kubwa katika pwani yote. Lakini ilimlazimu kuvuka bahari, kwa sababu mitambo haikuwa kwao wala haikuwa yake.

Baadaye mitambo ilifika kwetu. Katika miaka ya 1960 Charles Worrod aliendesha studio ya Equator mjini Nairobi, na humo waliimba Fadhili William, Daudi Kabaka na wenzao. Safari ya baharini ilikwisha, lakini ufunguo wa mlango haukuwa mkononi mwa waimbaji. Tena, kumbukumbu za nani alitunga nini hazikuwekwa vema sikuzote. Wimbo wa Malaika watosha kuwa mfano. Santuri ya Fadhili William iliueneza, Miriam Makeba akauimba, ukasikika ulimwenguni kote. Hata hivyo ubishi juu ya mtungaji wake, kama ni Fadhili William, Adam Salim au mwingine, haukukwisha. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa na tuje katika mwaka 2008. Mwaka huo ulianza kwa msiba nchini Kenya. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,000, na utulivu ulianza kurudi Mwai Kibaki na Raila Odinga walipotia saini mapatano tarehe 28 Februari. Katika mwaka huohuo vijana wanne, Bill Sellanga, Dan Muli, Mbithi Masya na Jim Chuchu, walitoa albamu yao ya kwanza. Bendi yao waliiita Just a Band, yaani "bendi tu"; na albamu waliipa jina la Scratch to Reveal, yaani "kwangua uone". Wasomaji wakubwa watakumbuka kadi za simu za siku zile, ambazo mtu alizikwangua kwa ukucha au kwa sarafu ili azipate namba zilizofichwa.

Muziki wao haukuwa benga wala taarabu. Ulichanganya fanki, disko, hip hop na sauti zilizotengenezwa kwa kompyuta. Wimbo wao wa kwanza kujulikana, Iwinyo Piny, una jina la Kijaluo, nao ulitolewa pamoja na video ya katuni iliyovuta macho ya watu. Hapa ndipo penye jambo kubwa. Vijana hawa hawakutegemea kampuni kubwa ya muziki. Nyimbo walizitunga wenyewe, na hata video zao kwa kawaida walizitengeneza wenyewe.

Liliwezekanaje jambo hilo? Zamani studio ilikuwa chumba kilichojaa mitambo ya bei kubwa, ambayo mwanamuziki wa kawaida hakuweza kuinunua. Kufikia miaka ya 2000, kompyuta moja yenye programu ifaayo iliweza kunasa sauti, kuongeza ngoma, kufuta makosa na kupanga yote pamoja. Kazi iliyohitaji jengo zima ikaenea juu ya meza moja.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba taabu ilikwisha. Kompyuta ileile iliyomwezesha mwanamuziki kurekodi ilimwezesha na mwizi kunakili. Tena, kuwa na albamu si kuwa na wasikilizaji. Bendi ilitoa albamu ya pili, iitwayo 82, mwaka 2009, na mwaka huohuo nyaya mpya za mawasiliano zilizopita chini ya bahari zilifika Mombasa, intaneti ikapata kasi. Mwaka 2010 video ya wimbo wao Ha-He, yenye shujaa aitwaye Makmende, ilienea katika intaneti upesi mno, hata vyombo vya habari vya Marekani vikaisimulia. Lakini njia hiyo ilikuwa imekwisha kufunguliwa na albamu ya kwanza, iliyofanywa kabla ya sifa hizo.

Basi, ninyi wanafunzi, msilitazame jambo hili kama habari za Nairobi tu. Miongoni mwa Wateso, walio Kenya na Uganda, wako wazee wapigao akogo na wajuao nyimbo ambazo hazijapata kunaswa. Leo simu ndogo yaweza kufanya kazi ambayo Siti binti Saad aliifuata Bombay. Mkiwarekodi wazee hao, waombeni kwanza idhini yao; kisha andikeni jina la mpigaji, jina la mtungaji kama lajulikana, mahali na tarehe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtungaji, lakini kazi ya kumlinda huwa nyepesi zaidi ikiwa jina lake limeandikwa mapema.