Kiwanda katika reli ya mfano
Kiwanda huzipa treni ndogo kazi: mabehewa huletwa, hupakiwa, huondolewa. Kwa kipimo cha HO (1:87), jengo halisi la mita 200 lingekula zaidi ya mita 2 za meza, hivyo wajenzi hulifupisha au husimamisha ukuta wa mbele peke yake. Uhalisia hutokana zaidi na uchafu kuliko majengo yenyewe: unga wa chaki ya rangi ya kutu chini ya mabomba, wino mweusi uliozimuliwa kwa spiriti na kupenya katikati ya matofali ya plastiki. Mmarekani John Allen (1913–1973), wa Monterey, California, alisifika kwa uchakavu huo wa kubuni. Ndiye pia aliyebuni Timesaver, fumbo la kupanga mabehewa kwenye njia chache fupi.