Historia ya Kujumlisha Namba Zipandazo Sawasawa

Wasikilizaji wetu, twapenda leo kusimulia habari za kanuni moja ya hesabu, jinsi ilivyovumbuliwa mara nyingi na katika nchi nyingi; nasi twaanza na kosa letu wenyewe.

Siku moja, katika shule iliyoko Daa, katika nchi ya Karatu, tuliwapa watoto kazi ya kuwashughulisha huku tukisahihisha madaftari: wajumlishe namba zote toka 1 hata 20. Wote wakainama kuandika, moja na mbili ni tatu, tatu na tatu ni sita, na kuendelea. Kabla hatujafungua daftari la pili, mtoto mmoja akaleta jawabu: 210. Jawabu lilikuwa sahihi. Nasi, badala ya kufurahi, tukamwuliza, "Umenakili kwa nani?"

Akajibu, "Sikunakili, mwalimu. Nimehesabu kama bao."

Tukatoka naye nje. Akachimba vishimo safu mbili zinazoelekeana, vinane kila safu. Katika safu ya kwanza akatia maharage: moja, mawili, matatu, hata manane. Katika safu ya pili akaanza kinyume: manane mbele ya moja, saba mbele ya mawili, mpaka mwisho. Basi kila vishimo viwili vilivyotazamana vilikuwa na maharage tisa. Tisa mara nane ni 72. Na kwa kuwa kila namba imetiwa mara mbili, nusu yake, yaani 36, ndiyo jumla ya 1 hata 8. Vivyo hivyo, toka 1 hata 20 kila jozi ni 21. Mara 20 ni 420, na nusu yake ni 210. Kanuni ndiyo hii: jumlisha namba ya kwanza na ya mwisho, zidisha kwa idadi ya namba zote, kisha ugawe kwa mbili. Nayo yafaa kwa namba zozote zipandazo kwa tofauti moja, kama vile 3, 7, 11, 15.

Waalimu wengi husimulia kwamba kanuni hii ilionekana na mtoto wa Kijerumani, Carl Friedrich Gauss, aliyezaliwa Braunschweig mwaka 1777, mwana wa mtu maskini. Husemwa kwamba mwalimu wake alitaka jumla ya 1 hata 100, naye akaitoa mara moja. Kisa hiki kiliandikwa na rafiki yake, Sartorius von Waltershausen, mwaka 1856, mwaka mmoja baada ya Gauss kufariki; lakini yeye hakuzitaja namba hizo. Ziliongezwa na wasimulizi wa baadaye.

Wala Gauss hakuwa wa kwanza. Katika mafumbo ya hesabu yanayohesabiwa kuwa ya Alcuin wa York, mwalimu aliyefariki mwaka 804, imo ngazi yenye vidato 100: kidato cha kwanza kina njiwa mmoja, cha pili wawili, hata cha mia kina njiwa mia. Njiwa wa kidato cha kwanza huunganishwa na wale 99, wa pili na wale 98, hata zipatikane jozi 49 za mia mia. Wabaki 50 na 100 wasio na wenzao, na jumla ni 5,050. Tena, huko Bara Hindi, Aryabhata aliiandika kanuni yenyewe mwaka 499.

Lakini tukirudi nyuma zaidi, twafika katika bara letu hili la Afrika. Yapata mwaka 1550 kabla ya kuzaliwa Kristo, mwandishi wa Misri aitwaye Ahmes alinakili kitabu cha hesabu juu ya mafunjo. Mskoti mmoja, Rhind, alikinunua Luxor mwaka 1858, na sehemu yake kubwa imehifadhiwa London. Humo mna swali la kuwagawia watu kumi vipimo kumi vya shayiri, kila mtu akimzidi mwenzake kwa sehemu ya nane ya kipimo. Hapa jumla yajulikana, na yanayotafutwa ni mafungu. Mwenye fungu kubwa hupata 1 na 9/16, mwenye dogo 7/16. Wajumlishe hao wawili: vipimo viwili kamili. Jumlisha wa pili na wa tisa: viwili tena. Ndivyo vilivyokuwa vishimo vya yule mtoto, vikitazamana.

Yule mtoto hakuwa amesikia habari za Ahmes wala za Gauss. Aliona kwa akili yake jambo ambalo wengine waliliona kwa akili zao, kila mmoja mahali pake. Tulimwomba radhi mbele ya wenzake, maana tulimshuku mbele yao. Na tangu siku ile, mtoto akileta jawabu upesi kuliko tulivyotazamia, hatumwulizi tena amenakili kwa nani. Twamwuliza, "Umeonaje?" kisha twanyamaza, tumsikilize.