Kabla hujainua darubini Mwanza, uliza ndege anakula nini

Rafiki yangu wa Dodoma aliniuliza swali jepesi: akija Mwanza wikiendi, aende wapi akaone ndege? Nikaanza kumwandikia orodha. Nikakwama kwenye ndege wa kwanza kabisa.

Ndege huyo ni mdiria, yule mweusi na mweupe. Humkosi. Kaa kwenye mawe ya Capri Point saa moja asubuhi, utamwona amesimama angani, mabawa yanapiga kasi, kichwa kimetulia tuli, halafu anajitupa majini. Jamaa zake wengi huvizia kutoka tawini. Huyu anaweza kuning'inia hewani hata siku isiyo na upepo, ndiyo maana anavua hata mbali na ufukwe. Kilichonikwamisha ni hiki: anachotoka nacho mdomoni ni samaki gani?

Ungeuliza hivyo katikati ya miaka ya 1970, jibu lingekuwa furu. Na furu si samaki mmoja. Ni kundi la spishi zaidi ya 500 katika ziwa zima, wengi wao wadogo kuliko kiganja, kila mmoja na riziki yake: huyu anakwangua mwani kwenye mawe, yule anavunja konokono, mwingine anakula watoto wa furu wenzake. Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuwachunguza hapa Ghuba ya Mwanza. Miaka michache baadaye walijikuta wanaandika habari za msiba.

Sangara alikuwa ameshaingia. Aliletwa ziwani upande wa kaskazini miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, kwa hesabu za maofisa wa kikoloni kwamba samaki mkubwa atageuza vidagaa na vifuru visivyo na bei kuwa minofu. Kwa takriban miaka 20 hakusikika sana huku kusini. Kisha, katikati ya miaka ya 1980, akafurika ghubani, na furu wa maji ya wazi wakatoweka karibu wote ndani ya muda mfupi mno. Kwa ziwa zima, inakadiriwa tumepoteza spishi kama 200.

Hadithi hii tumezoea kuisikia kwa upande wa viwanda vya minofu. Upande wa ndege tunao kwa sababu ya kazi moja isiyo na utukufu wowote: kuokota matapishi. Mdiria humeza samaki mzima, kisha hucheua kidonge cha mifupa na magamba. Watafiti wawili wa kundi lile la Leiden, Kees Goudswaard na Jan Wanink, walikusanya vidonge hivyo na kutambua mifupa iliyomo. Mfupa wa furu haufanani na wa dagaa, kwa hiyo menyu ya ndege ilisomeka wazi: kabla ya sangara kufurika, furu ndio waliotawala, baada yake, dagaa.

Unaweza kusema, basi, si amepata chakula kingine? Amepata, ila kwa gharama. Dagaa waliongezeka sana baada ya furu kutoweka, lakini dagaa mmoja ana nyama kidogo kuliko furu mmoja, na mdiria hubeba samaki mmoja kwa safari moja. Kwa shibe ileile inabidi azame mara nyingi zaidi. Hilo si jambo dogo kwa mzazi mwenye makinda. Upande wa Kenya, Heinz-Ulrich Reyer aligundua kwamba midiria wa Ziwa Victoria, ambako uvuvi ni mgumu, waliwakubali madume wasio ndugu wasaidie kulisha makinda, wakati wale wa Ziwa Naivasha, ambako mambo ni mepesi, waliwafukuza. (Mimi hapo nilicheka. Shida huleta wapangaji.)

Tangu miaka ya 1990 baadhi ya furu wamerudi kiasi. Kwa hiyo ukiwa na darubini, usitazame manyoya tu. Kitu chembamba chenye rangi ya fedha mdomoni ni dagaa. Kipana chenye mwiba mgongoni kina uwezekano mkubwa kuwa furu.

Baada ya Capri Point, chukua boti hadi Saanane, safari ya dakika chache. Kisiwa kina jina la mzee Saanane Chawandi aliyeishi hapo kabla hakijafanywa bustani ya wanyama mwaka 1964. Tangu 2013 ni hifadhi ya taifa. Minandi wanaanika mabawa juu ya mawe, na furukombe utamsikia kabla hujamwona.

Mwenye siku zaidi aende Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, kisiwa chenye msitu hasa. Huko kuna kasuku wa kijivu, nao pia wana historia: walikamatwa kwa wafanyabiashara haramu, wakaachiwa kisiwani mwaka 2000. Na sisi tulikuwa wauzaji. Cherero wa Fischer, kasuku mdogo wa kijani mwenye uso wa chungwa ambaye kwao ni huku kusini na kusini-mashariki mwa ziwa, miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa ndege wa porini waliosafirishwa kwa wingi zaidi duniani, mpaka Tanzania ilipozuia biashara hiyo. Ukimkuta bado anapiga kelele juu ya mbuyu, msikilize kidogo.

Lakini rafiki yangu sikumwambia aanzie huko. Nilimwambia aanzie Mwaloni, Kirumba, sokoni, asubuhi. Aone magunia ya dagaa yanavyopangwa, mengine kwa ajili ya mboga, mengine kwa chakula cha kuku, mengine yakivuka mpaka kwenda Kongo. Wavuvi wanawavuta usiku kwa taa. Zamani karabai, siku hizi za sola. Ni dagaa walewale ambao mdiria alibaki nao furu walipoisha, na sasa wanaomtegemea dagaa ni wengi. Ziwa limeshambadilishia chakula mara moja, na sangara hakuomba ruhusa.

Akishatoka hapo, yangeyange na wale makorongo wakubwa wenye mfuko shingoni atakuwa ameshawaona bure. Ndipo aende Capri Point, akae juu ya jiwe, ahesabu mizamo.