The Battle of Life (1846): Hadithi ya Noeli Isiyotimiza Matarajio

Charles Dickens alipotoa A Christmas Carol mnamo Desemba 1843, alijitwika deni ambalo wasomaji wa Uingereza walizoea kulidai kila mwaka: kitabu kidogo cha Noeli. Alilipa mwaka wa 1844, akalipa tena 1845. Malipo ya 1846, yaani The Battle of Life, yalikuwa pungufu.

Mwaka huo mwandishi alikuwa akikaa Lausanne, nchini Uswisi, akiwa ameanza pia riwaya ndefu, Dombey and Son. Kazi hizo mbili zilimlemea. Alimwandikia rafiki yake John Forster kwamba anaikosa mitaa ya London, na kwamba huenda Noeli ikafika bila kitabu.

Kitabu kilifika, nacho ni kitamu na safi kupita kiasi. Mabinti wa Daktari Jeddler, Grace na mdogo wake Marion, wanapendana mno. Marion amechumbiwa na Alfred Heathfield, anayekwenda ng'ambo kusomea utabibu. Usiku wa kurejea kwake, majira ya Noeli, nyumba imejaa wageni na muziki, Marion hayupo. Wote wanadhani ametoroka na Michael Warden, kijana mbadhirifu aliyezama katika madeni. Miaka inapita, Alfred anamwoa Grace. Hatimaye Marion anarudi na kufichua kwamba alijificha kwa shangazi yake, kwa kuwa aling'amua kuwa dada yake alimpenda Alfred kimya kimya.

Usafi wa pendo hilo si kosa. Kosa ni kwamba vita pekee vya kweli katika kitabu chenye neno «vita» katika jina lake vinapiganwa nyuma ya pazia. Msomaji hamwoni Marion akishindana na moyo wake. Alfred naye, ambaye hakuulizwa neno, anahamishwa kutoka kwa binti mmoja hadi kwa mwingine kama mkufu wa urithi. (Aliye hai zaidi humo ni Clemency, mtumishi mwenye viwiko vilivyochubuka daima.)

Siri ilifichwa mno, hata John Leech, mmoja wa wachoraji wanne, akamchora Marion akitoroka pamoja na Warden! Dickens aliligundua kosa muda ukiwa umekwisha kupita. Akanyamaza ili asimhuzunishe Leech, na picha ikabaki. Yeyote aliyeisoma sehemu ya pili peke yake angechora vivyo hivyo.

Kwa hesabu ya Dickens mwenyewe, nakala 23,000 zilichukuliwa siku ya kutolewa. Kuuzika, basi, hakukuwa tatizo. Lakini Januari 1847 The Times lilikishambulia kitabu, na mwandishi, aliyekuwa Paris, alifadhaika hata kazi ikamshinda. Desemba iliyofuata hakutoa kitabu cha Noeli. Mwaka wa 1848 alitoa The Haunted Man, ambamo mzuka ulirudi, kisha akaacha kabisa kuandika vitabu vya namna hiyo.