Nyaya Zilizofunikwa: Asili ya Ukaguzi wa Umeme Majengoni

Wanachama waliohudhuria mkutano wa mwaka ule tulipojenga ghala letu kuu watakumbuka maneno makali yaliyosemwa. Mkaguzi alikuwa amekataa kuupitisha umeme wa jengo, akaamuru plasta ya chumba cha mizani ibanduliwe, kwa kuwa fundi alikwisha kuzifunika nyaya kabla hazijatazamwa. Mzee mmoja akauliza: fedha ya kahawa yetu yabomolewaje kwa ajili ya waya usioonekana? Jibu tulilolitoa siku ile halikutosha. Twamwomba radhi, na hapa twajaribu tena.

Mwezi wa Septemba 1882 Thomas Edison alianza kuuza umeme katika mtaa wa Pearl Street, New York. Nyaya za siku hizo zilivikwa nyuzi za pamba, kisha zikapitishwa katika vijiti vya mbao vilivyochongwa mifereji. Pamba na mbao! Mkulima yeyote ajua vitu hivyo hufanya nini vikutanapo na cheche. Mwaka huohuo chama cha wahandisi wa simu na umeme huko London kilitoa kanuni za kuzuia moto utokanao na taa za umeme. Kanuni hizo zimehaririwa mara nyingi, na hata leo mafundi wa Uingereza wafuata kizazi chake.

Huko Marekani waliohangaika zaidi ni makampuni ya bima ya moto, maana ndiyo yaliyolipa. Mwaka 1893 mhandisi kijana, William Henry Merrill, alipelekwa Chicago kukagua nyaya za maonyesho makubwa ya dunia, na mwaka 1894 alianzisha maabara ya kujaribu vifaa vya umeme. Lakini vitabu vya kanuni vilikuwa vitano, na fundi aliyetii kimoja aliweza kuwa amevunja kingine. Mwezi wa Machi 1896 wahusika walikutana New York, wakatunga kitabu kimoja, wakakipeleka kwa watu 1,200 wa Marekani na Ulaya wakisome na kukisahihisha; kikachapwa 1897. Sisi tulioketi katika mikutano ya ushirika twafahamu jinsi ilivyo vigumu kupatanisha vyama vitano.

Kwetu Tanganyika, makampuni mawili ya umeme yaliundwa 1931, na mazoea ya kazi yalitoka Uingereza. Plagi zetu za miguu mitatu ya mraba ni za kipimo cha Waingereza cha 1947. Mguu mrefu ni wa waya wa ardhi, na fyuzi imo ndani ya plagi yenyewe. Leo, Tanzania Bara, fundi wa kufunga nyaya hana budi kuwa na leseni ya EWURA.

Basi mkaguzi hutazama nini? Hutazama kwamba swichi imekata waya wenye moto, wala si ule mwingine. Kwamba fyuzi haizidi uwezo wa waya, kwani fyuzi kubwa huuacha waya uungue kwanza. Kwamba maungio yote yamo ndani ya visanduku vinavyofunguka. Kisha, umeme ukiwa umezimwa, huchukua kipimo chake na kusukuma volti 500 kati ya nyaya, apate kujua kama ngozi ya waya yavuja. Mwisho hupima waya wa ardhi kutoka kila soketi hadi kwenye nguzo iliyochimbiwa chini.

Hapo ndipo kipimo kilipokataa katika chumba chetu cha mizani. Plasta ilipobanduliwa, waya wa ardhi ulikutwa umekoma katikati ya ukuta, haukufungwa popote. Mzani ule ni wa chuma, watumia umeme, na wakati wa mvua wanachama huushika kwa mikono iliyolowa. Fundi aliirudia kazi kwa gharama yake, kama mkataba ulivyoagiza, nasi tukachelewa wiki tatu kupokea kahawa. Cheti cha ukaguzi kimo katika jalada la jengo ofisini. Mwanachama atakaye kukiona na aje.