Jua Lililopatwa na Tarihi ya Ufipa

Anayeandika historia ya Ufipa hukabiliwa mapema na ugumu wa tarehe. Nyanda za juu hizo, zilizoinuka baina ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki, na ambazo leo mji wake mkubwa ni Sumbawanga, zilikuwa na watawala, wakulima na wayeyushaji chuma kwa vizazi vingi kabla ya kufikiwa na mtu yeyote aliyebeba kalamu na daftari. Masimulizi ya wazee yanawataja watawala kwa majina na yanaeleza nani alimrithi nani na ugomvi ulianzia wapi, lakini hayataji mwaka, kwa kuwa walioyahifadhi hawakuwa na haja ya kuhesabu miaka ili waelewane. Katika hali hiyo anga huwa shahidi mwenye thamani ya pekee, kwa sababu mwendo wa jua na mwezi hufuata kanuni zinazomwezesha mnajimu wa leo kukokotoa siku, na mara nyingi saa, ya tukio lililoonekana karne nyingi zilizopita, hata kama walioliona hawakuwa na kalenda iliyoandikwa.

Ulaya ya Zama za Kati, yaani kipindi cha takriban mwaka 500 hadi 1500, ndiyo iliyotoa mifano inayojulikana zaidi ya ushahidi wa namna hii. Katika monasteri, yaani nyumba za watawa wa Kikristo, ziliandikwa tarihi, ambazo ni kumbukumbu za matukio zilizopangwa mwaka baada ya mwaka, na ndani yake habari za vita, njaa na vifo vya wafalme zilichanganyika na habari za kupatwa kwa jua na mwezi, vimondo, na nyota zenye mkia. Watawa wa St. Gallen, katika nchi iitwayo leo Uswisi, waliandika habari ya nyota mpya yenye mwanga mkali iliyotokea mwaka 1006, ambayo wanasayansi wanaitambua kuwa nyota iliyolipuka. Nyota yenye mkia ya mwaka 1066, ile inayoitwa leo kwa jina la Edmond Halley, ilitariziwa kwenye kitambaa maarufu cha Bayeux kama ishara ya kuangushwa kwa mfalme wa Uingereza. Watawa hao walikuwa na sababu ya kutazama juu, kwa kuwa tarehe ya Pasaka hutegemea mwezi, na kwa kuwa waliamini kwamba Mungu husema na wafalme kwa njia ya anga.

Hata hivyo, tarihi hizo hazikuwa na usahihi ambao msomaji wa leo huenda akadhani zinao. Tarihi ya Waanglo-Saksoni iliyotunzwa katika monasteri ya Peterborough inasimulia kwamba Mfalme Henry wa Kwanza alivuka bahari kwenda Normandy, kwamba jua lilitiwa giza mchana wakati wa safari hiyo, na kwamba mfalme alikufa mwaka huohuo. Henry alikufa tarehe 1 Desemba 1135, ilhali hesabu za anga zinaonyesha bila shaka kwamba jua hilo lilipatwa tarehe 2 Agosti 1133, zaidi ya miaka miwili kabla ya kifo chake. Sehemu hiyo ya tarihi iliandikwa miaka ishirini hivi baada ya matukio yenyewe, na mwandishi wake, akiwa anategemea kumbukumbu, aliivuta ishara ya anga na kuiweka kando ya msiba ambao watu waliamini kuwa iliutabiri. Funzo la mfano huo ni kwamba kumbukumbu ya binadamu, iwe imeandikwa kwa wino au imehifadhiwa kwa ulimi, hupenda kuyasogeza pamoja mambo mawili makubwa, na kwamba anga, ikishakokotolewa, huweza kuyatenganisha tena.

Funzo hilo linaihusu Ufipa moja kwa moja. Hadithi ya asili ya Wafipa inasema kwamba mtawala wa kwanza, Ntatakwa, alianguka kutoka mbinguni dunia ilipoanza, akawa mkuu wa Milansi, kijiji kilichosifika pia kwa ufuaji wa chuma, na kwamba baadaye walifika wanawake wageni, Watwaci, ambao ukoo wao ulichukua utawala wa nchi huku Milansi ikibakiwa na heshima yake ya kale. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu juu ya dola ya Ufipa mwaka 1981, aliisoma hadithi hii kama maelezo ya mahusiano baina ya mamlaka mbili, moja ya wenyeji wa ardhi na nyingine ya waliokuja. Msomaji hana haja ya kutafuta kimondo nyuma ya anguko la Ntatakwa. Mbingu katika hadithi hii inaeleza haki ya kutawala, kama ilivyoeleza haki hiyo kwa watawa wa Ulaya walioona mkono wa Mungu katika nyota yenye mkia, na kosa la kwanza ambalo mtafiti wa kumbukumbu za anga anapaswa kuliepuka ni kulichukua kila neno linalotaja mbingu kuwa taarifa ya jambo lililotazamwa.

Taarifa ya jambo lililotazamwa iliingia Ufipa pamoja na wageni wengine, nao ni Wangoni wa Zwangendaba. Kundi hili lilitoka kusini mwa Afrika baada ya vita vilivyoleta kuinuka kwa Shaka na kuvunjika kwa Wandwandwe, likaelekea kaskazini kwa miaka mingi likipigana, likiteka watu na kuwaingiza katika majeshi yake, hadi likauvuka mto Zambezi karibu na Zumbo. Masimulizi ya Wangoni, yaliyokusanywa na wamisionari na maofisa katika nchi zinazoitwa leo Malawi na Zambia, yanasema kwamba siku ya kuvuka jua lilitiwa giza. Waliokokotoa mapito ya vivuli vya mwezi juu ya bonde hilo walipata tarehe 20 Novemba 1835, siku ambayo jua lilipatwa kikamilifu, na tarehe hiyo ndiyo inayorudiwa katika vitabu vingi vya historia ya Afrika ya Mashariki na ya Kati.

Uzito wa tarehe hiyo unaeleweka zaidi mtu akizingatia namna tukio lenyewe linavyotokea. Jua hupatwa mwezi unapopita kati yake na dunia, na giza kamili huwafikia wale tu walio ndani ya ukanda mwembamba ambao kivuli cha mwezi hupita, ilhali walio nje ya ukanda huo huona jua likimegwa tu. Mahali pamoja hupitiwa na giza kamili, kwa wastani, mara moja katika kila miaka 375 hivi. Kwa sababu hiyo, watu wakikumbuka kwa hakika kwamba mchana uligeuka usiku mahali fulani na katika kizazi fulani, tarehe zinazoweza kufikiriwa huwa chache sana, na mara nyingi hubaki moja tu.

Kwa Ufipa, hesabu ya tarehe nyingine nyingi hutundikwa juu ya siku hiyo moja. Baada ya kuvuka Zambezi Wangoni walisonga kaskazini kwa hatua, wakikaa hapa na pale kwa misimu kadhaa ya kilimo, na watafiti walijumlisha vituo hivyo pamoja na rika za vijana na kuzaliwa kwa watoto wa watawala, wakafikia kuona kwamba kundi lilikuwa Ufipa katika miaka ya 1840, na kwamba Zwangendaba alikufa huko, mahali paitwapo Mapupo, kati ya mwaka 1845 na 1848 hivi. Kifo hicho ni miongoni mwa matukio yaliyoibadilisha ramani ya eneo zima, kwa maana ugomvi wa urithi uliligawa kundi: Watuta walielekea kaskazini hadi karibu na Ziwa Viktoria, Mpezeni akaongoza watu wake hadi mashariki ya Zambia ya leo, wafuasi wa M'mbelwa wakakaa kaskazini mwa Malawi, na wengine wakashika njia iliyowafikisha Songea. Historia ya nchi tatu inapita Mapupo, na tarehe ya Mapupo imetokana na jua lililopatwa mbali sana, kando ya Zambezi.

Hapo ndipo tahadhari inapohitajika. Mwanahistoria David Henige, katika makala aliyoichapisha mwaka 1976 kuhusu matumizi ya kupatwa kwa jua katika kuweka tarehe za masimulizi ya mdomo, alionyesha kwamba watafiti wengi wamekuwa wepesi mno kuoanisha simulizi na orodha za wanajimu. Mfano unaojulikana sana ni ule wa Biharwe, karibu na Mbarara nchini Uganda, ambako jeshi la Bunyoro lililoivamia Nkore linasemekana kutiwa hofu na giza la mchana: wako walioliweka tukio hilo mwaka 1492, na wengine mwaka 1520, kila mmoja akiwa na orodha ya watawala inayomuunga mkono. Swali linaloulizwa Biharwe linapaswa kuulizwa Zambezi pia. Inawezekana kwamba Wangoni walilishuhudia giza la mwaka 1835 wakati wa safari yao, kisha wasimulizi wakalisogeza hadi siku ya kuvuka mto, kwa sababu kuvuka huko ndiko kulikotenganisha maisha ya kale na maisha mapya, sawasawa na mwandishi wa Peterborough alivyolisogeza jua la mwaka 1133 hadi mwaka wa kifo cha mfalme wake. Tarehe ya 1835 inabaki kuwa nguzo imara ya kipindi, lakini haipaswi kuchukuliwa kama hati ya siku yenyewe, na tarehe za Ufipa zinazoifuata zinapaswa kuandikwa kwa upana wa miaka kadhaa.

Wino uliifikia nchi hii katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa. David Livingstone alipita Ufipa mwaka 1872, akipima umbali wa mwezi na nyota ili kujua alipo, na shajara yake ni ushahidi kwamba hata msomi mwenye vyombo hupotewa na siku: kukutana kwake na mwanahabari Stanley huko Ujiji kumewekwa mwishoni mwa Oktoba 1871 katika shajara hiyo, na tarehe 10 Novemba katika kitabu cha Stanley. Msafiri Joseph Thomson alipita mwaka 1880. Waliotangulia kukaa na kuandika kwa mfululizo ni Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana kama Mapadre Weupe, ambao mwaka 1885 walichukua kituo cha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa kaskazini mwa Ufipa, kisha wakaeneza misheni zao hadi nyanda za juu. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, aliagiza kila kituo kiwe na shajara inayoandikwa siku kwa siku, na askofu wao Adolphe Lechaptois alichapisha mwaka 1913 kitabu juu ya nchi na watu wa kandokando ya Tanganyika. Kwa hiyo Ufipa nayo ilipata watawa wake wenye tarihi, karne saba hivi baada ya Peterborough, wakiandika katika nchi iliyokuwa na wazee waliohifadhi tarihi nyingine kwa ulimi.

Anga yenyewe iliendelea kupita juu ya nchi hii bila kujali mipaka ya waandishi. Tarehe 29 Mei 1919 kivuli cha mwezi kilitoka Amerika ya Kusini, kikavuka Atlantiki na kisiwa cha Príncipe, kikapita Kongo na kufika Ziwa Tanganyika jioni. Wanajimu wa Uingereza waliopima nyota kando ya jua siku hiyo, Arthur Eddington akiwa Príncipe na wenzake wakiwa Sobral nchini Brazili, walitangaza matokeo yaliyounga mkono nadharia ya Albert Einstein kuhusu uvutano, na katika taarifa yao waliutaja mwambao wa magharibi wa Tanganyika, ulio ng'ambo ya Ufipa, kuwa sehemu ya njia ya kivuli hicho.

Ipo pia aina ya kumbukumbu isiyohitaji shahidi, nayo ni jiwe. Kimondo cha Mbozi, kilichoko katika Mkoa wa Songwe jirani na Rukwa, ni pande la chuma lenye uzito wa takriban tani 16 na nikeli kidogo ndani yake, ambalo wenyeji walilijua kabla ya kuripotiwa kwa wataalamu mwaka 1930, na ambalo lilianguka zamani sana kiasi kwamba hakuna simulizi inayoeleza kuanguka kwake. Kinyume chake ni kimondo cha Ivuna, kilichoanguka jioni ya tarehe 16 Desemba 1938 kusini-mashariki mwa Ziwa Rukwa, mahali ambapo watu walitengeneza chumvi kwa karne nyingi. Zilizookotwa ni gramu 700 hivi tu, lakini jiwe hilo laini lenye kaboni na maji yaliyofungwa ndani ya madini lilitoa jina la kundi zima la vimondo, kwa kuwa kemia yake inakaribiana sana na ya jua lenyewe ukiondoa gesi nyepesi, na vumbi lililoletwa mwaka 2020 na chombo cha Kijapani kutoka sayari ndogo ya Ryugu limeonekana kufanana nalo.

Kumbukumbu hizi za aina tatu, yaani simulizi, shajara na jiwe, zimekuwa zikichunguzwa na watu tofauti wasiosomana: wanahistoria wa Wangoni, wanahistoria wa Kanisa na wanasayansi wa vimondo. Ufipa inastahili kazi inayozikutanisha. Orodha za kupatwa kwa jua zilizokokotolewa kwa karne tano zilizopita zinapatikana, na zinaweza kupangwa kandokando ya masimulizi ya Nkansi na Lyangalile, zile falme mbili za ukoo wa Watwaci, kisha kulinganishwa na kurasa za shajara za misheni, ili ijulikane ni wapi ulimi, wino na hesabu vinakubaliana na ni wapi vinapingana. Kazi hiyo inahitaji kufanywa wakati wazee wanaoyajua masimulizi bado wako hai, kwa kuwa kivuli cha mwaka 1835 kinaweza kukokotolewa upya wakati wowote, lakini simulizi linalosema watu walikuwa wapi na walifanya nini kilipowapitia lina njia moja tu ya kutufikia.