Serikali na Makanisa ya Kale

Serikali yetu haina dini, bali watu wake wanazo dini zao. Neno hili tumelizoea tangu miaka ya mwanzo ya Uhuru, nalo laonekana jepesi mpaka siku paa la kanisa la kale linapoanza kuvuja. Hapo ndipo huzuka swali: je, mkono wa Serikali upite mlangoni au ubaki nje? Katiba, katika ibara ya 19, imeziweka shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, nayo yataka majengo ya kale ya Tanzania Bara yalindwe, bila kuuliza yalijengwa kwa ibada ya nani. Kwa maoni yetu amri hizi mbili hazigombani. Ugomvi uko kwenye gharama.

Kwanza tuutazame mpaka uliowekwa na sheria hiyo. Jengo lililosimama kabla ya mwaka 1863 hulindwa kwa umri wake tu. Lililojengwa baadaye hungoja Waziri alitangaze. Magofu ya misikiti ya Kilwa na Kaole yamo ndani ya mpaka huo pasipo shaka. Lakini mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, wakajenga kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, na kanisa lao la kwanza ni la mwaka 1872. Kwa upungufu wa miaka tisa, jengo la namna hiyo halina haki ila kwa tangazo.

Na ni jengo gani hilo! Mwezi Februari 1874 Chuma, Susi na wenzao waliuleta hapo mwili wa Livingstone, baada ya kuubeba kwa miezi mingi kutoka kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Mnara uliobaki waitwa kwa jina la maiti. Sisi tungependa uitwe kwa majina ya wachukuzi.

Tuvuke sasa bahari mpaka Unguja, ambako mambo ya kale yana sheria na mamlaka za Zanzibar yenyewe. Huko, ndani ya Ngome Kongwe, yamo mabaki ya kuta za kanisa la Wareno, yaliyomezwa na ngome ya Waarabu wa Oman baada ya Wareno kufukuzwa mwaka 1698. Nao huo ni uhifadhi wa namna yake, ingawa haukukusudiwa.

Kanisa Kuu la Mkunazini lina habari nzito zaidi. Mwezi Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa. Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa papo hapo palipokuwa soko. Askofu Edward Steere, yule aliyejishughulisha mno na Kiswahili chetu, aliusimamia ujenzi, akaezeka kwa kuba refu la zege la matumbawe. Alipofariki mwaka 1882 alizikwa nyuma ya madhabahu. Mapokeo husema madhabahu yenyewe yamesimama mahali pa nguzo ya kuchapia watumwa. Kwa hiyo asiyesali humo naye ana sehemu yake humo, maana waliouzwa pale hawakuwa wa dini moja wala wa kabila moja.

Mamlaka ya kuuhifadhi Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo, ukarabati mkubwa wa kanisa hilo, uliokamilika mwaka 2016, ulitegemea fedha za Umoja wa Ulaya. Twashukuru, lakini mfadhili huja kwa mradi, na mradi una mwisho, ilhali mvua haina.

Fundi yeyote wa pwani ajua kwamba ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hupumua. Ukiupaka lipu ya saruji, unyevu hufungiwa ndani, chumvi huchimba jiwe, na lipu hubanduka pamoja na uso wa ukuta. Lakini saruji yapatikana katika kila duka, na chokaa iliyochomwa na kuiva vema yahitaji muda na mwashi aijuaye. Waumini wakikatazwa saruji wala wasipewe chokaa, watakaa chini ya paa linalovuja, au watatengeneza usiku bila kibali.

Hatuombi Serikali inunue kengele, wala mavazi ya mapadre. Twaomba fungu dogo la kila mwaka: tanuri la chokaa, waashi wachache wenye mshahara na vijana wa kufundishwa nao, wazunguke kwenye misikiti, mahekalu na makanisa ya kale bila ubaguzi. Masika huanza Machi. Mifereji ya paa yafaa ikaguliwe Februari.